Uvuvi wa redifishi kwenye maji mafupi

Uvuvi wa redifishi kwenye maji mafupi ni uvuvi wa mshipi na ndoana unaofanyika katika ghuba, wangwa na vinamasi vya chumvi vya pwani ya kusini-mashariki ya Marekani na pwani ya Ghuba ya Meksiko. Samaki anayetafutwa ni Sciaenops ocellatus, mwenye rangi ya shaba na doa jeusi karibu na mkia. Mara nyingi huvuliwa katika maji yasiyofika kiunoni mwa mtu, na pengine katika maji ya sentimita 30 tu.

Redifishi wanaovuliwa katika maji hayo karibu wote ni wachanga. Samaki huyu hukaa ghubani miaka yake ya kwanza, kisha huhamia bahari ya wazi, na huko ndiko waliko wazazi wengi. Kwa hiyo uvuvi huu unaweza kudumu ikiwa tu samaki wa kutosha wataachwa wapite ghubani salama hadi wafike baharini. Katika miaka ya 1980 samaki hao walikaribia kukosekana katika sehemu nyingi, na sheria nyingi zinazotawala uvuvi wa redifishi leo zilitokana na kipindi hicho.

Jina

Neno redifishi linatokana na Kiingereza redfish, yaani "samaki mwekundu". Jina lake lingine, linalotumiwa zaidi na wanasayansi na katika sheria, ni red drum, yaani "ngoma nyekundu". Jina hilo linatokana na sauti ya samaki mwenyewe: wakati wa kuzaa dume hutetemesha misuli iliyo kando ya kibofu chake cha hewa, na kibofu hicho hulia kama ngoma inayopigwa mbali. Katika majimbo ya Carolina huitwa pia channel bass, na Wafaransa wa Louisiana walimwita poisson rouge. Wavuvi huwaita samaki wakubwa waliokwisha kuhamia baharini bull red, yaani "mafahali".

Redifishi asichanganywe na samaki wa jenasi Sebastes wa Atlantiki ya Kaskazini, ambao nao huitwa redfish sokoni lakini huishi kwenye maji baridi yenye kina kirefu. Si changu pia, ingawa baadhi ya changu ni wekundu.

Maelezo ya samaki

Redifishi ni spishi pekee ya jenasi Sciaenops katika familia Sciaenidae. Familia hii ina spishi nyingi katika bahari za joto, na baadhi yake hupatikana pia katika Bahari ya Hindi, kwa mfano Otolithes ruber kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwili wake ni mrefu na imara, mgongo una rangi ya shaba au nyekundu-kahawia, na tumbo ni jeupe. Samaki wa vinamasi vyenye maji meusi huwa na rangi iliyokoza, na wale wa sehemu zenye mchanga mweupe huwa hafifu.

Alama yake ni doa jeusi kwenye shina la mkia. Wengi wana doa moja kila upande, lakini wapo wenye madoa mengi na wachache wasio na doa kabisa. Inadhaniwa kuwa doa hilo linafanana na jicho na humfanya adui ashambulie mkia badala ya kichwa.

Mdomo wa redifishi umeelekea chini, nao unafaa kwa kuokota chakula sakafuni. Kooni ana meno mapana ya kusaga magamba ya kaa. Chakula chake kikuu ni kaa, kamba na samaki wadogo kama mkizi. Anaweza kuishi katika maji yenye chumvi nyingi kuliko bahari na hata katika maji baridi yasiyo na chumvi; jimbo la Texas limepandikiza redifishi katika maziwa kadhaa ya bara, ambako hukua vizuri lakini hawazai.

Hukua upesi akiwa mdogo, na hufikisha sentimita 50 hivi katika miaka michache ya kwanza. Baadaye ukuaji hupungua, lakini maisha yake ni marefu: katika Ghuba ya Meksiko wamepatikana wenye umri wa miaka 40 hivi, na upande wa Atlantiki hadi miaka 60. Redifishi mkubwa kuliko wote aliyewahi kuvuliwa kwa mshipi na kuandikishwa rasmi alikuwa na uzito wa kilogramu 42.69. Alivuliwa Avon, North Carolina, mwezi wa Novemba 1984.

Mzunguko wa maisha

Redifishi huzaa mwishoni mwa majira ya joto na katika majira ya kupukutika majani, hasa kuanzia Agosti hadi Novemba. Hukusanyika karibu na milango ya ghuba, yaani mahali ambapo maji ya ndani hukutana na bahari. Jike mkubwa anaweza kutaga mayai zaidi ya milioni moja kwa mara moja. Mayai huelea, hutotoa baada ya siku moja hivi, na maji yanayojaa huwaingiza samaki wachanga ghubani.

Huko hujificha katika nyasi za bahari, kingo za vinamasi na vijito vidogo, mahali ambapo samaki wakubwa hawawezi kuwafuata kwa urahisi. Kadiri wanavyokua hutoka kwenye vijito na kuingia kwenye maji mapana zaidi ya ghuba, lakini huendelea kutafuta chakula kwenye maji mafupi. Wakikaribia kupevuka, kwa kawaida wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 5, huanza kuhamia baharini na kujiunga na makundi ya wazazi. Madume hupevuka mapema kuliko majike.

Mzunguko huu una matokeo mawili kwa uvuvi. Kwanza, samaki wa miaka 2 hadi 4 wako karibu na nchi kavu, mahali ambapo mtu yeyote mwenye mshipi anaweza kuwafikia. Pili, wazazi wanaishi miaka mingi, kwa hiyo madhara ya kuvua wachanga kupita kiasi hayaonekani mara moja. Kundi la wazee baharini huendelea kuzaa kwa miaka kadhaa huku nafasi zao zikikosa warithi.

Mahali pa uvuvi

Redifishi hupatikana kutoka Massachusetts hadi Florida upande wa Atlantiki, na kuzunguka Ghuba ya Meksiko hadi kaskazini mwa Meksiko. Maeneo yanayojulikana zaidi kwa uvuvi wa maji mafupi ni haya:

- Laguna Madre, Texas. Ni ukanda mrefu wa maji kati ya bara na kisiwa cha Padre. Kina chake cha wastani ni mita 1 hivi, na chumvi yake mara nyingi huzidi ile ya bahari. Sakafu ina nyasi za bahari na mchanga.
- Vinamasi vya Louisiana. Delta ya mto Mississippi ina maelfu ya vijito, vidimbwi na visiwa vya nyasi. Maji ni ya matope na samaki ni wengi. Miji midogo kama Venice na Grand Isle hujulikana kwa uvuvi huu.
- Mosquito Lagoon na Indian River Lagoon, Florida. Ziko karibu na kituo cha anga cha Kennedy. Maji yake mafupi yalisifiwa kwa muda mrefu kwa nyasi za bahari.
- Pwani ya Georgia na South Carolina. Hapa tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kubwa, na redifishi huingia ndani ya nyasi za kinamasi wakati wa bamvua.
- Pamlico Sound, North Carolina. Samaki wakubwa huingia hapa katika majira ya joto, kwa hiyo ni mojawapo ya mahali pachache ambapo "mafahali" huvuliwa kwenye maji ya ndani.

Maji na upepo

Mvuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki amezoea maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa tofauti ya mita kadhaa wakati wa bamvua. Pwani ya Georgia inafanana kiasi na hali hiyo. Katika Ghuba ya Meksiko mambo ni tofauti: sehemu nyingi hupata maji kujaa mara moja tu kwa siku, na tofauti kwa kawaida haifiki mita moja. Ndani ya Laguna Madre ni ndogo zaidi.

Kwa sababu hiyo, kwenye Ghuba ya Meksiko upepo mara nyingi una nguvu kuliko mwezi. Upepo wa kusini husukuma maji ghubani na kufunika wangwa. Upepo mkali wa kaskazini katika majira ya baridi huyatoa maji, na redifishi hulazimika kukusanyika kwenye mifereji na mashimo. Mvuvi anayejua mahali pa mifereji hiyo huwapata wengi mahali pamoja, na asiyejua huona wangwa mkavu tu.

Maji yanapopwa, kamba na kaa hutoka kwenye vijito, na redifishi huwasubiri kwenye midomo ya vijito hivyo. Yanapojaa, redifishi hupanda wangwa na kufuata ukingo wa nyasi. Huko Georgia na South Carolina, bamvua hufunika nyasi za kinamasi kwa saa chache, na redifishi huingia humo kutafuta kaa wadogo ambao madume yao wana gando moja kubwa. Maji yakianza kupwa hutoka upesi, na mvuvi naye hana budi kutoka nao.

Namna za kuvua

Kuvua kwa kuona. Hii ndiyo namna iliyoupa uvuvi huu sifa. Mvuvi hatupi ndoana mpaka amwone samaki. Mashua bapa husukumwa kwa upondo kimyakimya, msukumaji akisimama juu ya jukwaa dogo la nyuma na mvuvi akiwa mbele. Miwani inayozuia mng'ao wa maji ni ya lazima. Dalili zinazotafutwa ni kivuli cha rangi ya shaba juu ya sakafu, wimbi dogo linalosukumwa na kundi linalotembea, kamba wanaoruka juu ya maji, na mkia. Redifishi akila kichwa kikiwa chini kwenye maji mafupi sana, mkia wake huchomoza hewani na kupepea polepole. Chambo hutupwa mbele ya samaki, upande anaoelekea, kisha huvutwa taratibu hadi kwenye njia yake. Kikimwangukia kichwani hukimbia, na mara nyingi hukimbia na kundi zima.

Kutembea majini. Texas watu wengi huvua kwa miguu. Huacha mashua imetia nanga na kutembea polepole juu ya sakafu ngumu ya mchanga, maji yakiwa magotini au kiunoni. Faida yake ni ukimya, na mtu asiye na mashua anaweza kuingia kutoka ufukweni. Kayaki pia hutumika sana, kwa kuwa haina kelele na inapita kwenye maji ambayo mashua ya injini haiwezi kupita.

Boya na kamba. Kamba hai au wa plastiki hufungwa chini ya boya lenye shanga zinazogongana. Mvuvi akiuvuta mshipi kwa ghafla, boya hutoa sauti inayofanana na ya samaki anayekula juu ya maji. Namna hii hufaa sana katika maji ya matope ya Louisiana, ambako redifishi hutegemea zaidi masikio na pua kuliko macho.

Chambo cha sakafuni. Kipande cha kaa au cha mkizi huwekwa sakafuni kwa chubwi. Namna hii hutumika kwenye mifereji, kando ya miamba ya chaza na kwenye milango ya ghuba, hasa kwa samaki wakubwa.

Chambo bandia. Cha zamani na kinachojulikana zaidi ni bamba la chuma lenye umbo la kijiko na rangi ya dhahabu, ambalo huyumba na kumeta likivutwa. Mengi yana waya mwembamba unaozuia ndoana kunasa nyasi. Hutumika pia samaki na kamba wa plastiki laini. Wengine huvua kwa mshipi mzito na chambo chepesi cha manyoya na nyuzi kinachoiga kaa au kamba. Kwa wavuvi wa namna hiyo redifishi ni miongoni mwa samaki wanaotafutwa zaidi Marekani.

Vifaa

Fimbo ya kuvulia huwa ya urefu wa mita 2 hivi, nyepesi lakini yenye nguvu ya kumzuia samaki asikimbilie kwenye chaza. Mshipi wa nyuzi zilizosukwa hupendelewa kwa sababu ni mwembamba kuliko wa nailoni wenye nguvu ileile. Kati ya mshipi huo na ndoana hufungwa kipande kifupi cha mshipi mzito usioonekana kwa urahisi, kwa kuwa magamba ya chaza hukata mshipi mwembamba.

Mashua za uvuvi huu zimetengenezwa zielee kwenye maji ya sentimita 20 hadi 30. Hata hivyo, kuelea si sawa na kuondoka: mashua nyingi huhitaji kina kikubwa zaidi ili injini iweze kuziondoa. Ndiyo maana mashua hupwelewa mara kwa mara, na pengine wavuvi hulala humo wakingoja maji yarudi.

Kumshika na kumwachia

Kwa kuwa sheria hulazimisha kuachia samaki wengi, namna ya kumshika ina uzito sawa na namna ya kumvua. Chambo cha asili hufaa kuwekwa kwenye ndoana ya duara, ambayo kwa kawaida hunasa pembe ya mdomo na haiingii tumboni. Katika Pamlico Sound sheria ya North Carolina hudai ndoana za aina hiyo wakati wa usiku katika majira ya joto, msimu ambao samaki wakubwa wapo.

Samaki hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa ili utelezi wa ngozi yake usifutike. Samaki mkubwa hashikwi kwa kuning'inizwa kwa taya, bali hubebwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo. Kabla ya kuachiwa hushikiliwa majini hadi aanze kuogelea mwenyewe. Katika siku za joto kali maji huwa na oksijeni kidogo, na samaki aliyepiganishwa muda mrefu anaweza kufa baada ya kuachiwa. Kwa hiyo mshipi dhaifu mno si ushujaa: huongeza muda wa mapambano na hupunguza nafasi ya samaki kuishi.

Hatari kwa mvuvi

Hatari inayowapata zaidi wanaotembea majini ni taa, ambaye hujifukia mchangani na huchoma kwa mwiba wa mkiani akikanyagwa. Wavuvi hufundishwa kuburuta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa aguswe ubavuni na aondoke. Chaza nao hukata miguu na viatu. Maji ya joto yenye chumvi kiasi yanaweza kuwa na bakteria Vibrio vulnificus, ambao huingia kupitia kidonda na wanaweza kuua kwa muda mfupi, hasa mtu mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu. Mwenye kidonda kibichi hapaswi kuingia majini, na kidonda kinachovimba na kuuma upesi baada ya uvuvi huhitaji hospitali siku ileile. Radi ni hatari nyingine, kwa kuwa kwenye wangwa mtu na fimbo yake ndio walio juu kuliko vyote.

Historia

Redifishi alikuwa samaki wa kawaida wa kitoweo kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko kwa vizazi vingi. Alivuliwa kwa mshipi na kwa nyavu za kutega ghubani, na kuuzwa katika masoko ya pwani. Katika miaka ya 1970 wavuvi wa mshipi wa Texas walianza kulalamika kwamba samaki wanapungua. Mwaka 1977 kikundi cha wavuvi mjini Houston kiliunda chama ambacho leo kinaitwa Coastal Conservation Association. Kwa juhudi zao, mwaka 1981 bunge la Texas lilipiga marufuku biashara ya redifishi waliovuliwa katika maji ya jimbo hilo.

Wakati huohuo mapishi mapya yalikuwa yakienea kutoka Louisiana. Mpishi Paul Prudhomme, aliyefungua mgahawa wa K-Paul's mjini New Orleans mwaka 1979 pamoja na mkewe, alipika minofu ya redifishi kwa kuichovya katika siagi, kuipaka viungo vingi na kuiweka juu ya kikaango cha chuma chenye moto mkali hadi ikawa nyeusi juu. Chakula hicho kilipendwa mno, na katikati ya miaka ya 1980 migahawa ya nchi nzima ilikuwa ikikitaka.

Samaki wa ghubani hawakutosha kwa mahitaji hayo. Meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia ziligeukia makundi ya wazazi kwenye bahari ya wazi, mara nyingi zikielekezwa na ndege ndogo. Makundi hayo yalikuwa na samaki waliokusanyika kwa miongo kadhaa. Mwaka 1986 serikali ya Marekani ilitoa amri ya dharura ya kusimamisha uvuvi huo, na mwaka 1988 uvuvi wa redifishi ulipigwa marufuku kabisa katika maji ya shirikisho ya Ghuba ya Meksiko. Marufuku hiyo inawahusu wavuvi wa biashara na wa burudani pia, na bado inaendelea. Louisiana iliharamisha biashara ya redifishi wake mwaka 1988 na Florida mwaka 1989. Mwaka 2007 Rais George W. Bush alitia sahihi amri ya kuzuia uuzaji wa redifishi waliovuliwa katika maji ya shirikisho.

Nyavu zenyewe zilifuata. Texas ilipiga marufuku nyavu za kutega mwaka 1988. Mwaka 1994 wapiga kura wa Florida walikubali badiliko la katiba lililozuia nyavu hizo katika maji ya jimbo, na mwaka 1995 Louisiana ilizibana kwa sheria. Hatua hizi zilirudisha samaki, lakini zilikuwa na gharama kwa watu. Familia za wavuvi wadogo wa nyavu zilipoteza kazi waliyorithi, na wengi wao waliona kwamba samaki wametolewa kwa wanaovua kwa burudani na kunyimwa wanaovua kwa riziki. Watetezi wa sheria walijibu kwamba bila hatua hizo pasingebaki cha kugawana. Mabishano hayo bado yanasikika katika miji ya pwani.

Sheria za sasa

Kila jimbo huweka sheria zake kwa maji ya pwani, na sheria hubadilika mara kwa mara. Mvuvi hutakiwa kuwa na leseni na kuangalia kanuni za mwaka husika. Msingi wake ni mmoja karibu kila mahali: samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa ana kipimo cha chini na kipimo cha juu. Kipimo cha chini humpa mchanga muda wa kukua. Kipimo cha juu huhakikisha kwamba aliyevuka umri wa hatari hachukuliwi tena, bali anaachwa aende akazae.

- Texas huruhusu samaki 3 kwa siku, wenye urefu wa inchi 20 hadi 28 (sentimita 51 hadi 71). Leseni huja na lebo inayomruhusu mvuvi kuchukua samaki mmoja mkubwa zaidi.
- Louisiana iliruhusu samaki 5 kwa miaka mingi. Mwaka 2024 ilipunguza idadi hadi 4, ikapandisha kipimo cha chini kutoka inchi 16 hadi 18 (sentimita 46), na ikakataza kuchukua yeyote anayezidi inchi 27 (sentimita 69).
- Florida ina kipimo cha inchi 18 hadi 27. Mwezi wa Septemba 2022 iliagiza kwamba redifishi wote wanaovuliwa katika eneo la Indian River Lagoon waachiwe.
- North Carolina huruhusu samaki mmoja kwa siku, wa inchi 18 hadi 27.

Mabadiliko ya Louisiana yalitokana na uchunguzi wa wataalamu wa jimbo uliotolewa mwaka 2022. Jimbo hilo limejiwekea lengo kwamba angalau asilimia 30 ya samaki ambao wangefika baharini kama kusingekuwa na uvuvi wafanikiwe kufika. Uchunguzi ulionyesha kuwa kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya hapo. Tofauti na miaka ya 1980, safari hii hakukuwa na meli za nyavu za kulaumiwa: samaki walikuwa wamechukuliwa kwa mshipi, mmojammoja.

Mazingira

Sheria za uvuvi hazitoshi ikiwa mahali pa kulelea samaki panapotea. Louisiana ilipoteza takriban kilomita za mraba 4,800 za ardhi ya pwani kati ya miaka 1932 na 2016. Sababu zake ni pamoja na kingo zinazozuia matope ya mto Mississippi kufika vinamasini, mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mafuta, kudidimia kwa ardhi, vimbunga na kupanda kwa bahari. Kinamasi kinapovunjika, kwa muda huongeza kingo ambako redifishi hula, na uvuvi unaweza kuonekana mzuri. Kingo hizo zikiisha, hubaki maji matupu.

Katika Indian River Lagoon, kuongezeka kwa virutubisho kutoka majumbani na mashambani kulisababisha mwaka 2011 mlipuko mkubwa wa mwani uliozuia mwanga na kuua sehemu kubwa ya nyasi za bahari. Huko Texas rafadha za mashua zilikuwa zikikata nyasi na kuacha makovu yanayochukua miaka kupona. Kung'oa nyasi hizo kwa rafadha kulikatazwa katika eneo la Redfish Bay mwaka 2006 na katika pwani yote ya jimbo mwaka 2013. Baridi kali nayo huua samaki wa maji mafupi: ile ya Februari 2021 iliua samaki wasiopungua milioni 3.8 wa aina mbalimbali kwenye pwani ya Texas.

Ufugaji

Texas ina vituo vya serikali vinavyozalisha redifishi na kuwaachia ghubani kwa mamilioni. Wazazi hufugwa katika matangi, na mwanga na joto hubadilishwa ili wadhani majira ya kuzaa yamefika. Redifishi wanaouzwa leo katika migahawa mingi ya Marekani wametoka kwenye mabwawa. Ufugaji umeenea pia hadi China na Taiwan, na katika Bahari ya Hindi redifishi wamefugwa kwenye vizimba huko Mauritius, Réunion na Mayotte.

Mapishi

Samaki wa ukubwa unaoruhusiwa ana nyama nyeupe, imara na isiyo na shombo kali. Wakubwa sana huwa na nyama ngumu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwaachia. Mbali na mapishi ya kikaango, Louisiana hupika mchuzi mzito wa nyanya uitwao courtbouillon. Wavuvi wengi huchoma mnofu ukiwa na ngozi na magamba yake: upande wa magamba hulazwa juu ya moto, nao hugeuka kuwa kama sahani inayoshika nyama na mafuta yake hadi iive bila kugeuzwa.